Masizi ya Mama Polepole

Walimwita Mama Polepole kwa sababu ya uendeshaji wake, naye hakuwahi kulichukia jina hilo. Abiria wake walikuwa wagonjwa wa figo, watu ambao shimo moja barabarani huwaumiza mwili mzima, kwa hiyo alijifunza kuendesha kama mtu aliyebeba trei ya mayai mapajani.

Kabla ya hapo alikuwa mpokea simu wa hospitali kuu kwa miaka ishirini na sita. Chumba chake hakikuwa na dirisha. Alikaa na vipokea sauti masikioni, akiunganisha watu na wodi, maabara, duka la dawa. Siku hospitali ilipoweka mtambo unaopokea simu wenyewe, yeye na wenzake wawili walipewa barua ya shukrani na malipo ya mkupuo. Wenzake walijenga vyumba vya kupangisha. Yeye akanunua gari.

Kilichomsukuma ni simu za asubuhi. "Naomba chumba cha kusafisha damu. Waambie mzee wetu leo hafiki, tumekosa usafiri." Aliunganisha, akaendelea na simu nyingine. Siku mbili baadaye sauti ile ile ilipiga na maneno yale yale. Halafu siku moja ikapiga tena, safari hii ikiomba chumba cha maiti. Alizisikia simu za namna hiyo mara nyingi mno kiasi kwamba alianza kuzitambua sauti kabla hazijasema zinataka nini.

Gari alilonunua lilikuwa jipya kabisa, viti bado vimevikwa nailoni. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye tangu wote wawili wafiwe na waume zao, alimshangaa.

"Kwa hela hiyo ungepata mitumba miwili, na chenji ikabaki."

"Mtumba hauna waranti, dada. Hili lina waranti ya miaka mitano. Likiharibika, ni juu yao."

"Ni juu yao," dada akarudia, kwa sauti ya mtu anayeonja chumvi.

Kwa miaka miwili na ushee mambo yalikwenda. Mara tatu kwa wiki, kukishapambazuka, alikuwa mlangoni kwa Mwalimu, mstaafu aliyefundisha jiografia maisha yake yote, na kutoka hapo akampitia Mshonaji, kijana wa miaka thelathini na minne ambaye figo zilimfeli kabla hata hajaoa. Kutoka kwa Mwalimu hadi hospitali hazikufika kilomita nne. Kwenye gari alikuwa na beseni, taulo tatu na blanketi. Kiti cha mbele kilikuwa cha Mwalimu, kimelazwa nusu, kwa sababu miguu yake ilivimba na haikukunjika vizuri. Muda wa kutoka ulipokaribia, aliliegesha gari karibu na mlango wa wagonjwa na kuacha injini ikinguruma ili kiyoyozi kiendelee kufanya kazi. Watu hutoka kwenye mashine ile wamechoka kama waliokimbia mchana kutwa. Wengine wanatetemeka, wengine jasho linawatiririka. Hakutaka wakute gari limekuwa tanuri. Wakati mwingine alingoja hivyo dakika arobaini.

Mwalimu alikuwa mtu wa utani. Kila mahali palimkumbusha somo. Wakipita mtaro uliofurika, alisema, "Hapa tuna delta." Wakikwama kwenye foleni, alisema, "Mto wa barafu." Mshonaji, nyuma, alicheka hadi akashika mbavu.

Mwaka wa tatu, asubuhi moja, gari liliwaka huku likitetemeka mwili mzima kama mtu aliyekurupushwa usingizini. Liliposhika barabara likawa zito, anakanyaga mafuta na halijibu. Kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano yenye umbo la injini.

"Dada," Mwalimu akamwambia Mama Polepole, "hili nalo linahitaji mashine."

Alilipeleka kule kule aliponunua. Palikuwa pasafi pale, sakafu inayong'aa, kahawa ya bure, viti vya ngozi. Mwanamke wa mapokezi alichukua funguo akamwomba asubiri. Alisubiri tangu saa tatu hadi saa saba. Kisha akaitwa kwenye kioo cha kompyuta na kuonyeshwa picha iliyopigwa ndani ya injini. Aliona vitu kama vifuniko vimefunikwa na gamba jeusi, nene, lililopasukapasuka, kama chungu kilichounguziwa maziwa kikaachwa bila kuoshwa mwaka mzima.

"Hizi ni valvu za kuingizia hewa," yule mwanamke alieleza. "Zimeziba kwa masizi. Injini haipumui. Inabidi tufungue, tusafishe zote, na plagi pia tubadilishe."

"Sawa. Fungueni."

Mwanamke akageuza karatasi ya makadirio ili aione. Mama Polepole alitazama ile namba ya chini, akadhani ametazama mstari usio wake. Ilizidi anachobakiwa nacho kwa miezi minne ya kazi.

"Lakini nina waranti."

"Ndiyo, mama. Waranti inalinda kasoro za kiwanda. Masizi si kasoro ya kiwanda."

"Sasa yametoka wapi? Nimeyatia mimi?"

"Ni aina ya matumizi. Injini hizi mpya mafuta hayapiti kwenye zile valvu, kwa hiyo hakuna kinachoziosha. Mvuke wa oili unagandia pale. Gari likienda safari fupi fupi, mwendo mdogo, au likinguruma limesimama, injini haipati moto wa kutosha kujisafisha."

"Kwa hiyo nimeliharibu kwa kuliendesha vizuri."

"Sijasema hivyo, mama."

"Nimelileta hapa kila huduma. Kijitabu kimejaa mihuri yenu. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo akaniambia nikimbize gari."

Mwanamke alikunja karatasi ya makadirio akampa. Hakuwa na jeuri, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Mama Polepole. Hakupata hata mtu wa kugombana naye.

Dada mkubwa alikuwa mpiga chapa wa mahakama kwa miaka thelathini. Jioni ile alikiweka kijitabu cha waranti mezani, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, akaanza kusoma kwa jicho la kulia. La kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, ukungu mtupu, na alikuwa akidunduliza pesa za upasuaji. Alisoma siku mbili. Siku ya pili akaita kutoka sebuleni.

"Njoo uone ulipozikwa."

Ukurasa wa arobaini na moja kulikuwa na orodha ya visivyolindwa. Katikati ya "matairi yaliyolika" na "nyaya zilizotafunwa na panya" palikuwa pameandikwa, kwa herufi ndogo kama mbegu za mchicha: "mrundikano wa masizi, utomvu au uchafu mwingine utokanao na matumizi."

"Nimechapa hukumu nyingi," dada alisema. "Hawa hawakusahau. Walikaa kitako wakafikiri."

Hata hivyo waliandika barua. Dada aliipanga kwa hoja: huduma zote zilifanyika kwao, wataalamu wao hawakutoa onyo, mteja hakuuziwa gari kwa sharti la kulikimbiza. Siku kumi zilipita kimya. Mama Polepole akapiga simu, akapokelewa na sauti ya mashine: kwa mauzo bonyeza moja, kwa huduma bonyeza mbili. Alibonyeza mbili, akasikiliza muziki, akakatiwa. Alipiga mara nne. Mara ya nne aliishika simu mkononi akaitazama tu, akiwaza watu wote waliokuwa wakimpigia yeye zamani, na kama kuna hata mmoja ambaye yeye aliwahi kumwacha akisikiliza muziki.

Hatimaye meneja alimpokea ofisini. Alimkaribisha kiti, akamsifu kwa barua nzuri, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwa robo saa nzima, na mwisho akampa punguzo la kumi kwa mia kwenye gharama za ufundi, pamoja na kishikio cha funguo chenye nembo. Ukurasa wa arobaini na moja haukutajwa.

Nyuma ya soko kulikuwa na gereji ya mzee mmoja, mtu wa maneno machache mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alilisikiliza gari likinguruma, akaweka mkono juu ya injini kama anayepima homa.

"Linamisi, silinda mbili hazichomi sawasawa," alisema. "Naweza kuzisafisha valvu kwa mkono, moja moja, kwa nusu ya bei yao. Nipe siku nne."

"Siku nne nitakosa safari mbili. Nina wagonjwa."

"Basi sikiliza, mama. Taa ile ikiwaka tu, unaweza kwenda kidogo. Ikianza kupepesa, simama. Maana yake mafuta yanatoka bila kuungua, yanakwenda kuchoma kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Hapo hatutaongea habari ya kusafisha tena."

Alikubali kwa kichwa. Hata hiyo nusu hakuwa nayo. Alipiga hesabu kwamba akibana matumizi mwezi mmoja ataipata, na mwezi mmoja gari litavumilia.

Taa ilianza kupepesa wiki iliyofuata. Aliiona, akaizoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Akiwa peke yake alizima redio asikilize. Akiwa na abiria aliwasha redio wasisikie. Dada alimuuliza kila jioni gari linaendeleaje, naye alijibu kwamba linakwenda. Hakudanganya. Lilikwenda siku kumi na tisa.

Siku ya ishirini lilizimika kwenye mzunguko wa barabara, saa saba za mchana, wakirudi. Moshi mweusi ulitoka nyuma, ukafuata mgongano ndani ya injini kama kijiko kilichoangukia kwenye blenda, kisha kimya. Madereva nyuma walipiga honi. Watu wanne walilisukuma hadi pembeni, Mshonaji akitaka kushuka asaidie na Mama Polepole akimkemea akae. Mwalimu alikuwa ametoka tu kwenye mashine, midomo imekauka, anatetemeka juani. Mama Polepole alimfunika blanketi. Walingoja teksi saa nzima, na ilipofika Mwalimu alitapika kwenye kiti cha nyuma. Dereva aliwalipisha kuosha gari na kuwaambia wasiipige tena namba yake.

Fundi wa nyuma ya soko alifungua injini siku ya pili. Valvu moja ilikuwa imeungua ukingoni kama karatasi, kichujio cha moshi kimeyeyuka ndani. Kichwa cha injini lazima kishuke. Wiki tatu, na bei sasa ilikuwa ile ya wenye sakafu inayong'aa, au zaidi.

"Nilikuambia usimame," alisema.

"Uliniambia."

Fundi alifuta mikono kwa tambara. Alimpa kiti akae.

Mshonaji alipata usafiri. Kaka yake alikuwa na pikipiki. Mwalimu hakuweza kupanda pikipiki, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi Mama Polepole. Lakini kabla hajamaliza kufikiri, Mwalimu mwenyewe alimpigia.

"Dada, usihangaike kabisa. Mpwa wangu amekuja, ana gari, yupo likizo. Atanipeleka na kunirudisha."

"Una uhakika, Mwalimu?"

"Gari kubwa. Hata miguu nainyoosha."

Jumatatu jioni alimpigia. Safari ilikuwa nzuri, Mwalimu akasema. Jumatano akampigia tena. Nzuri pia. Mama Polepole alishusha pumzi, akaendelea kuhangaikia pesa. Aliuza runinga na kabati. Alikwenda kukopa kwa shemeji yake akarudi na ushauri mtupu. Siku ya Alhamisi dada mkubwa alimwita chumbani, akamkabidhi bahasha.

"Hizi ni za jicho lako, dada."

"Moja linanitosha. Si ndilo lililosoma waranti?"

"Siwezi."

"Utaweza. Jicho litangoja. Wale watu hawangoji."

Ijumaa asubuhi Mshonaji alipiga simu kutoka hospitali, akinong'ona.

"Mama, Mwalimu aliniambia amehamia zamu ya mchana ili aende sambamba na mpwa wake. Sasa nesi hapa ananiuliza mimi yuko wapi. Anasema hajaonekana wiki nzima. Hakuna zamu yoyote aliyohamia."

Mama Polepole hakukumbuka baadaye alifikaje. Alikumbuka tu kwamba alitembea, na kwamba alivaa viatu visivyolingana. Mke wa Mwalimu alifungua mlango, akamwona, akaegemea ukuta na kufunika uso kwa mikono yote miwili.

"Alinikataza," alisema. "Kila siku niliishika simu. Alisema tukikwambia, utauza hadi kitanda unacholalia. Alisema atavumilia hadi gari lipone."

"Mpwa je?"

"Hana mpwa."

Mwalimu alikuwa amekalishwa kwa mito, kwa sababu akilala alizama. Maji yalikuwa yamempanda hadi kifuani, na kila pumzi ilitoka na sauti ya bomba lenye hewa. Uso ulikuwa umevimba hata macho yakawa mistari. Jirani mwenye pikapu aliombwa, akaja bila kuuliza swali. Walimketisha nyuma juu ya godoro, Mama Polepole akamshika kichwa, na kwa mara ya kwanza maishani alimpigia dereva kelele aongeze mwendo.

Hospitali walimpokea mbio. Walimweka oksijeni, wakamfunga kwenye mashine, wakasema moyo umechoka na watajaribu taratibu. Mchana alipata nafuu kidogo, akavua kinyago aongee.

"Mpwa wako anaitwa nani?" Mama Polepole alimuuliza.

Mwalimu alifikiri.

"Sijampa jina bado."

Alicheka peke yake, akakohoa, nesi akamrudishia kinyago. Mama Polepole alitaka kumgombeza na hakuweza. Alimsugua miguu tu, ile miguu iliyobonyea kila alipoweka kidole na haikurudi. Moyo wa Mwalimu ulisimama Jumamosi kabla ya saa sita mchana, mke wake akiwa ameenda kumchukulia maji.

Mazishini Mama Polepole alikaa nyuma kabisa. Alingoja mtu amnyooshee kidole, na hakuna aliyefanya hivyo. Mtoto mkubwa wa Mwalimu, mwanamume mzima, alimshika mkono kwa mikono miwili na kumshukuru kwa kumbeba baba yake miaka miwili. Mama Polepole alitamani kutukanwa. Mjane alimvuta pembeni.

"Tulijua mimi na yeye," alisema. "Wewe hukujua. Nami ningeweza kukupigia simu."

"Ningeweza kulisimamisha gari siku taa ilipopepesa. Siku nne tu. Zingekuwa siku nne."

Walisimama hivyo, kila mmoja na lake, hakuna aliyeweza kumpokea mwenzake mzigo.

Gari lilitoka gereji baada ya siku ishirini na tatu. Fundi alikuwa ameweka masizi aliyoyakwangua kwenye kopo la rangi, akamwonyesha: hayakujaza hata robo. Alimpa masharti. Asiache injini ikinguruma bila kwenda. Na kila wiki alitoe barabara kuu, nusu saa, injini ivute sawasawa.

"Na nikifanya hivyo halitaziba tena?"

"Litachelewa kuziba," alisema. "Miaka miwili, mitatu, utaniletea tena."

Kwa hiyo Jumapili aliingia barabara kuu akakanyaga mafuta. Aliuchukia mlio ule. Dada mkubwa alikaa kando yake ameshika mkanda, jicho moja barabarani, akisema kila baada ya kilomita chache, "Ongeza, haijapata moto," kama askari anayemhoji mtuhumiwa. Ukungu wa jicho lake la kushoto ulikuwa umekuwa mweupe. Daktari alisema bado linafaa kupasuliwa, ila wasikae sana. Walianza kudunduliza upya.

Muuza magari naye alituma ujumbe kumkumbusha kwamba huduma inayofuata imekaribia na kwamba akiikosa atapoteza waranti. Miaka miwili na miezi minne ilikuwa bado imebaki. Dada aliusoma kwa sauti, mara mbili. Mama Polepole alikwenda kufanya huduma. Angefanyaje?

Mshonaji alirudi kwenye gari na kuendelea kukaa nyuma. Nesi wa chumba cha kusafisha damu alimwomba Mama Polepole ampokee mgonjwa mwingine. Alikataa. Nesi alimwomba tena, akakataa tena, na wiki nzima akapeleka mtu mmoja tu. Mara ya tatu nesi hakuomba. Alimwandikia namba ya simu kwenye kipande cha karatasi na kumwambia kwamba huyu ameshakosa mara mbili.

Kabla ya kuipiga, alikwenda kwa jirani mwenye pikapu, na kwa dereva mmoja wa teksi aliyemjua tangu siku za hospitali, akawaomba wakubali kuitwa siku yoyote gari lake likishindwa. Wa pikapu alikubali palepale. Wa teksi alitaka malipo mara mbili kwa mtu anayetapika, wakaelewana.

Mgonjwa mpya alikuwa mwanamke wa makamo, karani wa duka la vifaa vya ujenzi, mkali kidogo kwa sababu ya maumivu. Alisimama kando ya gari asubuhi ya kwanza, akalitazama kuanzia taa hadi matairi.

"Nimesikia gari lako lilikufa barabarani."

"Lilikufa."

"Sasa ni zima?"

"Kwa leo, zima."

"Na kesho kutwa?"

"Kesho kutwa nitakupigia kabla hujavaa. Nikikwambia limeshindwa, nitakutajia anayekuja kukuchukua, kwa jina lake na namba yake. Na wewe ukiniambia una gari jingine, nitataka kuongea na dereva."

Mwanamke hakuelewa, akadhani ni ukali wa kazi. Alifungua mlango wa mbele, akaingia, akauliza kama kiti kinaweza kulala kidogo. Mama Polepole alimwonyesha kitufe kilipo.